Mkaguzi Asiyekula Kuku wa Mtu

9 Novemba

Dayari hii nimepewa bure na kampuni ya ving'amuzi vya Tausi kwa kuwa wakala wa pili kwa mauzo Nyang'hwale nzima. Wa kwanza kapewa feni. Mimi na darasa langu la tano nimepewa dayari, ni kama kumpa bata viatu. Ignas, yule mkubwa wetu wa mawakala pale Kahama, kanishika bega mbele ya watu, kasema, "Akida, andika ndoto zako humu." Ndoto yangu ni feni.

Mke wangu Amira kasema niandike kazi za siku, nimemfungia nani na lini, maana nasahau hadi bisibisi juu ya mapaa ya watu. Basi. Leo nimemfungia Mama Scola, yule mjane mwenye banda la chakula. Bisibisi nimerudi nayo.

10 Novemba

Mvua. Sikutoka.

13 Novemba

Mtemi Maige kanunua. Huyu ndiye mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji hapa Igwambuli. Akikohoa, mbwa wanakaa chini. Ana ndevu kama mkia wa mbuzi aliyekoswa na fisi. Nilipanda paa lake nikamwimbia wimbo wangu wa biashara: ukilipa mwezi unaona mipira ya Ulaya, ukikosa kulipa, chaneli za bure za hapa nchini zinabaki. Taarifa ya habari, utabiri wa mvua, ngoma, zote. Kampuni imepewa leseni kwa sharti hilo, na kwenye boksi imeandikwa.

Kaniuliza, "Unaapa?"

Nikamwambia, "Mtemi, zikizima niite mwongo hadharani."

Kacheka. Ni mara ya kwanza namwona meno. Matatu.

Hiyo ni nyumba ya arobaini na moja. Kijiji chote kinaona tivii kwa mkono wangu.

19 Novemba

Mvua. Amira kataka michembe, vile viazi vya kukausha, na ndimu. Mimba ya miezi minne ina akili zake.

10 Desemba

Kwa Mama Scola imezima. Siyo mipira tu, hata za bure. Kioo cheusi na maneno LIPIA KIFURUSHI. Wachimbaji wa dhahabu, wateja wake, walikuwa wanakula ugali wanangoja habari, wakaishia kutazamana. Nikapanda paa na mvua ile nikazungusha antena mpaka shingo ikaniuma. Nikampigia Ignas. Kasema ni mvua, inayumbisha mawimbi, mwambie alipie tu itakaa sawa. Kalipia. Ikakaa sawa.

12 Desemba

Kwa fundi baiskeli imezima. Nimezungusha antena.

13 Desemba

Kwa katekista imezima, na kwa nyumba ya kisimani. Mvua. Nimezungusha.

17 Desemba

Nyumba tatu. Nimeteleza kwa yule wa mashine ya kusaga, nimeangukia kwenye choroko zake. Kaniuliza choroko nazo zinahitaji king'amuzi?

4 Januari

Jua kali, wingu hata la kupangusia jasho hakuna. Kwa mwalimu imezima. Sasa hii nayo ni mvua ya wapi?

6 Januari

Leo nimefanya jambo nililopaswa kufanya mwezi uliopita. King'amuzi cha mwalimu, ambacho kifurushi kimeisha, nimekibeba mpaka kwa Mtemi, nikakichomeka kwenye antena yake. Cheusi. Nikachukua cha Mtemi, ambacho kifurushi chake hakijaisha, nikakipeleka kwenye antena ya mwalimu. Kinaonyesha mpaka jasho la mtangazaji.

Nikakaa kwenye ngazi. Antena zote nzima. Mvua haina kosa. Hela ikiisha, kampuni inazima kila kitu toka hukohuko, na zile za bure humohumo.

Nimempigia Ignas. Hakubisha. Kasema kila mtu anajua, Akida, hao ni wakulima, nani atauliza, wewe endelea kusema mvua. Nikamwambia lakini ipo kwenye leseni. Kacheka, kasema mwenye kampuni anakula na wakubwa. Mwezi wa kumi na moja nilidhani huyu ni kaka yangu.

Nimemwambia Amira. Kasema, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unapanda mapaa ya watu kwa ajili ya mazoezi."

7 Januari

Nimekwenda kwa Mtemi kusema kweli. Njiani nilirudi mara mbili, mara ya tatu Amira akanisindikiza mpaka mlangoni kwake kama mwari.

Nilimwambia yote. Chaneli zinazimwa makusudi, mimi nilidanganywa, halafu na mimi nikawadanganya watu, na kuzungusha antena ilikuwa maigizo. Kanisikiliza huku anachezea ndevu. Kasema, "Uliapa juu ya paa langu."

12 Januari

Mkutano wa kijiji. Niandike polepole.

Watu walikasirika sana. Mwenye mashine kasema mimi ni tapeli, kabila lenyewe halijulikani, baba wa Ujiji mama wa Tanga, nitaondoka na baiskeli yangu wao wabaki na maboksi. Wengine wakasema nitengwe leoleo.

Kutengwa hapa si mchezo. Hakuna wa kukuuzia chumvi. Kisimani unapishwa kama ukoma. Atakayekusemesha anatozwa ng'ombe. Na Amira ana tumbo la kwanza, atajifungua mwezi wa nne, wakati mto umejaa na pikipiki hazivuki. Huo wakati mwanamke anapelekwa hospitali Kharumwa kwa machela, begani kwa majirani. Nyumba iliyotengwa haina majirani.

Mama Scola ndiye aliyesimama. Kasema, "Huyu kijana ni mwongo, lakini ni mwongo aliyerudi. Mpeni muda." Mtemi kakubali. Chaneli za bure zirudi kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Zisiporudi, nimetengwa.

Nikauliza nitazirudishaje mimi. Mtemi kasema, "Ulijua kuzileta."

15 Januari

Nimepiga namba ya bure ya Mamlaka ya Mawasiliano, wale wanaotoa leseni. Nimesikiliza muziki wao mpaka nikaweza kuuimba. Kapokea dada mmoja, kasema malalamiko yaandikwe yatumwe ofisi ya kanda Mwanza, yenye majina na sahihi za watazamaji. Nikamuuliza, dada, hao wenye kampuni wanakula na wakubwa, nyinyi mnakula na nani? Kasema, "Andika barua, kaka."

18 Januari

Barua kaandika mwalimu, maana mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Kupata sahihi ndiyo kazi. Diwani kapita kasema tusichokonoe, tutaharibu sifa ya kata. Watu wakarudisha mikono mfukoni. Mtemi Maige akapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akagonga wa kwanza. Akageuka akawatazama. Arobaini wakafuata.

19 Januari

Barua imetumwa kwa basi. Nimelala kama gogo.

2 Februari

Kimya. Mvua. Kwa katekista imezima tena. Sikupanda paa.

9 Februari

Kimya. Mpunga umestawi. Amira anatembea kama bata, nimemwambia, kanirushia mwiko.

16 Februari

Kimya. Kwa Mtemi imezima, kifurushi kimeisha leo. Kasema halipii tena mpaka haki ijulikane. Sasa saa mbili usiku, saa ya habari, anakaa mbele ya kioo cheusi na kiti chake, mgongo wima. Nilimdhania mkali tu. Kumbe mtu huyu anajua kungoja.

25 Februari

Kimya. Mwenye mashine kaniambia niuze baiskeli mapema.

5 Machi

Mfungo umeanza Jumapili. Leo simu toka Mwanza: mkaguzi anakuja tarehe kumi na mbili. Nilisahau nimefunga, nikamnyang'anya Amira muhogo nikautafuna. Kasema huo nitaulipa baada ya Idi.

12 Machi

Leo ni kurasa nyingi.

Gari lilikwama mtoni, vijana wakalisukuma. Akashuka mama mmoja mwembamba, miwani, mabuti ya mvua, anaitwa Elieth. Kijiji kizima tulikuwa kwenye uwanja wa ofisi. Mama Scola alikuwa kapika wali toka alfajiri, na Mtemi mwenyewe alimshika kuku, jike kubwa la madoadoa, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. Hapa mgeni wa heshima anapewa kuku mkononi. Akimpokea mmeelewana, yanayobaki ni mazungumzo.

Mtemi akamnyooshea. Mkaguzi akaweka mikono nyuma.

Kasema, "Asante sana baba, ila sisi hatupokei kitu."

Mtemi akadhani hakusikia vizuri. Akamsogeza kuku karibu zaidi, kuku naye akamtazama mkaguzi. Mkaguzi kasema tena hapana. Wali hapana. Mama Scola kauliza kwa sauti ya kuumia, "Hata maji, mama?"

"Maji tumebeba."

Uwanja ukawa baridi. Kwa Wasukuma, mgeni akimkataa kuku amekwambia tutaonana mahakamani. Nikamsikia mwenye mashine nyuma yangu anasema kesi imekwisha, huyu kashakula kwingine. Mimi mwenyewe mate yalikauka, na haikuwa funga.

Mkaguzi akafanya kazi. Nyumba kwa nyumba, anawasha, anapiga picha, ana kimashine chake cha kupima mawimbi, kila antena anasema nzima. Halafu tukarudi uwanjani. Kasema kampuni imeandika kwamba kasoro ni za wakala, kafunga vibaya. Akaniuliza, "Una kumbukumbu ya tarehe zilizozima?"

Nikasema sina. Amira kutoka nyuma kasema, "Anayo. Iko chini ya godoro."

Ukaletwa wewe. Dayari hii. Hiihii.

Nikamwambia mkaguzi humu kuna mambo ya nyumbani. Kasema atasoma zile za ving'amuzi tu, ila kwa sauti, na kila mwenye nyumba athibitishe tarehe yake. Akaanza. Fundi baiskeli, tarehe kumi na mbili, akasema ndiyo. Katekista ndiyo. Kwa mwenye mashine akasoma na choroko, watu wakaguna. Nikajua tunakokwenda. Nikamwomba Mungu mvua inyeshe. Jua likang'aa tu.

Akarudi nyuma mpaka tarehe ya kufungwa king'amuzi cha Mtemi. Akaisoma vizuri, kwa herufi zote, kama anasoma taarifa ya habari. Kikohozi, na mbwa wanaokaa chini. Ndevu, mbuzi, fisi. Na meno matatu.

Mtemi akatazama chini muda mrefu. Kisha kasema, "Tarehe ni sahihi."

Mkaguzi akafunga dayari, akapiga picha jalada lake, lile lenye ndege tausi wa kampuni. Akasema, "Nimesoma ushahidi mwingi. Anayetunga hujipamba. Wewe umemsema kila mtu, na umejisema mwenyewe kuliko wote."

Akapanda gari. Mto ukamnyima kupita, akangoja nusu saa kwenye gari anakula biskuti zake mwenyewe. Watu wakimtazama.

13 Machi

Hakuna anayeongea nami vizuri. Kutengwa hakujaanza ila mazoezi yameanza. Wanasema mkaguzi kaja kukamilisha karatasi. Kuku yupo kwa Mtemi, kafunguliwa miguu. Hawezi kuliwa. Kuku aliyekataliwa na mgeni atakayemla ni nani?

Nimekwenda kumwomba Mtemi radhi ya ndevu. Kapokea salamu, "Marahaba." Akaingia ndani.

20 Machi

Ignas kapiga simu, kafoka kama chungu cha maharage. Kasema nimeiuza kampuni. Nikamwacha amwage. Katikati ya matusi kasema hivi: kampuni ilimwandalia yule mama chakula hotelini Kahama, mbuzi mzima, mwenye kampuni kaja mwenyewe toka Dar, na yule mama hata soda hakugusa, kakaa mezani anakula biskuti zake.

Nikamwambia Ignas arudie. Karudia. Nikamwambia asante sana kaka, nikakata.

Nimekimbia mpaka kwa Mtemi, na njaa yangu ya funga. Nikamwambia. Akamtazama kuku anayechakura chini ya kibanda cha mahindi.

Kasema, "Hajala kwetu. Hajala kwao."

"Ndiyo, Mtemi."

"Mtu wa namna hiyo unamngoja."

Usiku huu nimefuturu uji, nikaumaliza. Ni mara ya kwanza tangu tarehe kumi na mbili.

24 Machi

Kimya. Mvua kubwa. Mto umejaa.

26 Machi

Kimya. Amira anashika kiuno. Anasema bado. Mimi nahesabu siku zake kwa mkono huu na za kijiji kwa mkono huu, na zote zinakimbilia sehemu moja.

28 Machi

Saa kumi jioni nilikuwa natengeneza redio ya mtu. Nikasikia mwano. Mwano ni ile yowe ya ng'ombe wameibiwa. Ukiisikia unatoka na fimbo, usipotoka unatozwa. Ilitoka upande wa banda la Mama Scola. Ikapokelewa huku, ikapokelewa kule, mpaka ng'ambo ya mbuga.

Nikawaza ni mimi. Wameamua mapema. Amira kaniambia nenda, usipokwenda ndiyo umekiri. Kanipa mwiko, fimbo hatuna.

Nimefika watu kama mia, marungu, mapanga, upinde mmoja, wanahema. Mtemi mbele na mkuki. Anauliza ng'ombe wangapi, wamepita wapi. Mama Scola kasimama mlangoni kwake anaonyesha ndani kwa kidole, sauti imemkauka.

Ndani kulikuwa na mtangazaji wa utabiri. Anasema Kanda ya Ziwa mvua za wastani.

Kifurushi cha Mama Scola kimeisha tangu Januari. Hajalipa hata senti.

Tukasimama hapo na silaha zetu tunasikiliza utabiri mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka mpaka Mtemi aliposema, "Mama Scola, huu mwano ni wa uongo. Kijiji kitakutoza." Mama Scola akasema atalipa, hata ng'ombe wawili. Ndipo watu wakavunjika mbavu. Mwenye mashine akanipiga mgongo, nikadondosha mwiko.

Nikazunguka nyumba zote na baiskeli. Arobaini na moja. Zote zinaonyesha. Sikupanda paa hata moja.

29 Machi

Habari imesomwa. Mamlaka imeiamuru kampuni ya Tausi kufungua chaneli za bure kwa wateja wote nchini, na imeitoza faini. Mkubwa wao na mbuzi wao hawakusaidia. Walisema malalamiko yametoka vijijini, hawakututaja. Mtemi alikaa wima kwenye kiti chake, kasema si lazima kutajwa.

31 Machi

Idi. Na ndiyo siku ya mwisho niliyopewa. Mama Scola, Mkatoliki wa Ushirombo, kaleta pilau. Nimekula mpaka Amira akaniuliza mimba ni ya nani.

3 Aprili

Barua ya kampuni. Nimefutwa uwakala. Nirudishe jaketi, bango, na mali nyingine zote za kampuni ikiwamo dayari. Jaketi na bango nimempa dereva wa basi. Dayari nimewaambia ipo Mwanza kwenye ushahidi. Kuna jamaa wa mgodini Bugarama anataka fundi wa redio na simu, si mbaya. Madishi na antena nitafunga bila tausi mgongoni.

7 Aprili

Uchungu ulimshika Amira asubuhi, mto mpaka kifuani. Nilitoka nje nikafungua mdomo kupiga mwano, sauti haikutoka. Mama Scola akanipigia. Safari hii walikuja na machela badala ya marungu. Wanaume wanane, mwenye mashine upande wa kichwa, Mtemi mbele anapima maji kwa mkuki. Mimi nilibeba ndala za Amira, ndicho walichoniamini nacho.

Kharumwa, saa saba mchana, mtoto wa kike. Wote wazima. Nimekaa kwenye benchi la hospitali nikalia kama mjinga, muuguzi akadhani nimefiwa.

10 Aprili

Tumerudi. Jioni kaja Mtemi Maige, na kuku wa madoadoa kwapani. Kasema sasa ana pa kwenda, supu ya mzazi. Nimempokea kwa mikono miwili, mimi si mkaguzi.

Akakaa. Mtoto akamshika ndevu, hakumtoa. Akaniuliza kama nimeandika leo. Nikasema nimeandika kwamba Mtemi kaleta kuku, ni mtu mwema, mwenye subira.

"Na ndevu?"

"Ndevu leo nimeziacha, Mtemi."

"Ziandike," akasema. "Umekula kuku wangu. Watu watasema umepindisha."

Basi naandika. Ndevu za Mtemi Maige leo tarehe kumi Aprili ziko vilevile, mkia wa mbuzi aliyekoswa na fisi, ila sasa zina maziwa ya mtoto. Mwenyewe kasomewa, kathibitisha.